Enzi za Fokker kiwanja cha Mwanza: kwanini ndege ilikuwa lazima izunguke mji kwanza ndo itue?

#1 Mtoto wa Pasiansi
Wakuu kwema? Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu utotoni, leo nimeona nikilete hapa maana najua humu kuna wazee wa Mwanza na watu waliowahi kufanya kazi kiwanjani. Nimekulia Pasiansi miaka ya 80 mwanzoni. Kila Fokker ikija kutoka Dar ilikuwa haitui moja kwa moja. Inakuja juu ya mji, inapitiliza, inakwenda huko ziwani, inalaza bawa moja, inarudi, ndo inashuka. Sisi watoto tukishasikia ule mlio wake (mnaoujua mnaujua, kama filimbi imemkwama mtu kooni) tunatimua mbio kutoka nyumbani hadi kwenye senyenge na bado tunawahi kuiona inagusa chini. Yaani ule mzunguko ndo ulikuwa unatupa muda. Bila huo mimi nisingeona ndege ikitua hata siku moja maana nilikuwa bonge.

Swali: ilikuwa inazunguka kwa ajili ya nini? Kaka angu anasema kufukuza ng'ombe, mjomba anasema rubani alikuwa anasalimia mji, mama hataki hata kuulizwa. Wajuvi mje. Na mwenye kumbukumbu zake za kiwanja kile azishushe tu.

#2 Kapuku Msomi
Naweka kigoda hapa. Ndege sijapanda ila nyuzi za ndege sipitwi.

#3 Ng'wana Ilemela
Kaka ako yuko sahihi, ni ng'ombe. Kiwanja kile uzio upande mmoja ulikuwa senyenge, upande mwingine ulikuwa imani. Kiangazi majani ya pembeni ya ranwei ndo yalikuwa mazuri kuliko kote na mimi nimechunga pale kwa hiyo siongei ya kuambiwa. Ndege ikipita juu mara ya kwanza tunajua tuna dakika chache, tunaanza kuswaga. Halafu inatoka Landrova ya zimamoto inapiga honi, jamaa mmoja kasimama nyuma kashika fimbo anatutukana nusu Kisukuma nusu Kiswahili. Siku moja ndama wangu kagoma katikati ya ranwei, kalala kabisa, ikabidi nimbebe. Ndama wa miezi miwili ni mzito nyie asikwambie mtu. Nafika kwenye majani nageuka nyuma naona ile ndege imeshakuwa na macho.

#4 Kopi ya Kaboni
"Upande mwingine ulikuwa imani" 😂😂 nimecheka ofisini watu wamegeuka.

Ila mkuu ndama umebeba au umebebeshwa na uzi? Anyway mi nakumbuka pipi. Kabla ya kuruka hostesi anapita na trei ya pipi ili masikio yasizibe, unachukua moja, mama anakukanyaga mguu unajifanya hujasikia unachukua konzi nzima. Na tiketi zile za kijitabu, nyuma ina kaboni nyekundu, ukiishika na mkono una jasho unafika Dar vidole kama umechinja kuku.

#5 Nshomile wa Mbali
Mwanza mnajisifu na kuzunguka, njooni Bukoba niwaambie maana halisi ya kuzunguka. Kwetu ndege ikizunguka ni kengele. Simu zenyewe za kukoroga na hazishiki, nani atakwambia ndege imefika? Uko mjini umekaa unakunywa chai, unasikia Twin Otter inapita juu, unamaliza kikombe TARATIBU, unalipa, unabeba begi unakwenda kwa miguu maana kiwanja kiko mjini hapohapo pembeni ya ziwa. Ukifika wanashusha mizigo. Kwa hiyo jibu la huu uzi ni hilo, rubani alikuwa anaita abiria. Uzi ufungwe.

#6 Ng'wana Ilemela
@Nshomile wa Mbali nilijua tu Mhaya lazima aweke kikombe cha chai na kusubiriwa na ndege kwenye sentensi moja.

#7 Nshomile wa Mbali
Na begi lilikuwa la ngozi, nilisahau kusema.

#8 Mzee wa Mnara
Vijana hamjambo. Mimi nimefanya kazi mnarani pale, nikiongoza ndege, tangu Jumuiya ya zamani ilipokuwa inakata roho hadi miaka ya 90. Kazi nilijifunzia Nairobi, maana shule ya mambo ya anga ilikuwa huko kwa nchi zote tatu. Naomba nieleze kwa utaratibu.

Ndege hutua ikielekea upepo unakotoka. Kiwanja cha Mwanza ncha moja imeelekea ziwani, nyingine nchi kavu. Asubuhi ardhi huwa imepoa kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu unakwenda ziwani. Mchana ardhi inapata moto, upepo unageuka, unatoka ziwani. Sasa Fokker ya asubuhi inatoka Dar, yaani inakuja kutokea bara. Haiwezi kujitupa moja kwa moja na upepo unaisukuma mgongoni. Lazima ipite, iende ziwani, igeuke, ije na uso wake kwenye upepo. Huo ndio mzunguko wako Mtoto wa Pasiansi. Rubani akipita anatazama na ule mfuko wa upepo kama unakubaliana na nilichomwambia redioni. Kutua kwenyewe siku zile ilikuwa ni macho yake.

Ng'ombe walikuwapo, sikatai. Lakini ndege haikuratibiwa na ng'ombe.

#9 Mtoto wa Pasiansi
Shikamoo mzee. Asante sana, hili limeingia akilini. Ila swali dogo, mbona mi nakumbuka na jioni ilikuwa inazunguka? Tukitoka shule zamu ya mchana tulikuwa tunakimbilia hukohuko senyenge.

#10 Mzee wa Mnara
Marahaba. Jioni huwa kuna kipindi upepo unakata kabisa. Hapo rubani anachagua mwenyewe. Na kumbukumbu za mtoto nazo mwanangu zina upepo wake.

#11 Fundi wa Dati
Mzee wa Mnara nakuheshimu ila hapo kwenye mzunguko umeacha kitu. Mimi nilikuwa karakana, upande wa injini. Fokker Friendship ilikuwa inashuka kutoka juu sana na mara nyingi mnarani mlikuwa mnaishikilia juu (nyinyi wenyewe) mpaka inakaribia mji, sasa ikifika hapo bado iko juu ya mawe utaiteremshaje, utaidondosha kama embe? Inazunguka inapunguza kimo. Ngazi ya kuzunguka hiyo. Kimo ndo sababu, upepo unafuata.

Kuhusu mlio mtoa mada, hizo ni Rolls-Royce Dart, mbili. Zikiwashwa zinaanza kama birika la chai linataka kuchemka, mlio unapanda unapanda mpaka meno yanauma. Mwanza iko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, ukichanganya na jua la saa saba hewa inakuwa nyepesi injini inakosa nguvu, kwahiyo wakati wa kuruka ile injini inapulizwa maji yaliyochanganywa na methanoli ndo inapata pumzi. Tulikuwa tunajaza sisi. Kila kibarua mpya anaambiwa siku ya kwanza, hiyo inanuka kama gongo ila sio gongo, ukionja unapofuka, ukizidisha unakufa. Kuna mapipa yalikuwa na fuvu limechorwa na bado ulikuwa unakuta mtu anayanusa.

#12 Kopi ya Kaboni
Mimi nilikaa dirishani nyuma kidogo ya injini. Bawa la Fokker liko juu ya dirisha sio chini, kwahiyo unaona kila kitu, ziwa, mawe, mabati, mpaka nguo zimeanikwa. Halafu ghafla chini ya injini milango inafunguka, inashuka tairi. Hakuna aliyenitahadharisha. Nikapiga kelele MAMA NDEGE INAZAA. Hadi leo harusini mtu wa ukoo lazima alitaje.

#13 Kapuku Msomi
Ndege inazaa 💀 nimeamka na usingizi umekata

#14 Mama Mizani
Naona mnaongelea ndege tu hamwongelei waliowapandisha. Mimi nilikuwa kaunta. Twin Otter ina viti 19 hivi na kila kilo ina maana, kwa hiyo abiria wa Bukoba na Musoma walikuwa wanapimwa wao wenyewe sio begi peke yake. Mizani yenyewe ni ileile ya magunia, ya chuma, ile ya kusogeza jiwe. Unamwambia mama panda, anasema nivue viatu? Namwambia viatu navyo vinasafiri mama. Mwenzangu aliyekuwa anaandika alikuwa na sauti kubwa halafu hana adabu, mimi nasoma kwa kunong'ona yeye anarudia THEMANINI NA SABA! watu wote wa foleni wanageuka. Kuna mke wa bwana mmoja mkubwa alishuka kwenye mizani akasema anapanda meli.

Na samaki jamani. Sato kwenye katoni, wamefungwa gazeti na majani ya mgomba, anaapa ni wakavu. Wanapita kaunta wakavu, wakifika Dar wanatiririka miguuni kwa mtu wa suti.

#15 Ng'wana Ilemela
Mama Mizani shikamoo. Kwahiyo huyu Nshomile na begi lake la ngozi ulimpima?

#16 Mama Mizani
Marahaba mwanangu. Nshomile wote nimewapima. Wanavuta pumzi ndani wanadhani kilo zinapungua.

#17 Nshomile wa Mbali
Huu uzi umeanza kuwa wa kikabila naomba moderata aangalie.

#18 Kiti cha Dharura
Mmesahau na ile ndege iliyotekwa Mwanza 1983, ile iliyotoka Dar ikaja Mwanza ikapelekwa Uingereza. Baba yangu alikuwa apande hiyohiyo, akanyang'anywa kiti dakika ya mwisho akapewa mkubwa. Angekuwemo.

#19 Kopi ya Kaboni
Mkuu tuweke sawa. Ni 26 Februari 1982, sio 83. Na haikuwa inakuja Mwanza, ilikuwa inatoka Mwanza kwenda Dar. Boeing 737. Watekaji ni vijana wa Kitanzania, wakataka Mwalimu ajiuzulu. Wakaipeleka Nairobi, Jeddah, Athens, mwisho Stansted kule Uingereza ndo wakajisalimisha.

Na kuhusu mzee wako, hiyo ndege ina viti mia na kitu. Kwa hesabu yangu nimeshakutana na watu elfu tatu ambao baba zao walikuwa wapande hiyohiyo wakakosa kiti.

#20 Kiti cha Dharura
Sawa mwaka nimekosea ila mzee alikuwa na tiketi. Ipo nyumbani.

#21 Kapuku Msomi
Weka picha ya tiketi.

#22 Kiti cha Dharura
Iko kwenye sanduku la bi mkubwa, sanduku liko Magu. Nitaiweka.

#23 Mama Mizani
Wiki ile sitaki kuikumbuka. Ndugu za abiria walikuwa wanakuja kaunta na mimi sina cha kuwaambia, nasikiliza redio kama wao. Baada ya hapo upekuzi ukabadilika, hata sufuria la pilau linafunguliwa.

#24 Gwanda Kuukuu
Niongeze kidogo kwa mtoa mada. Pale hapakuwa pa raia peke yao. Jeshi lilikuwa na vyombo vyake na vikitaka kuruka raia anasubiri huko juu. Anazunguka. Haulizi. Hiyo ndo sababu ya mara nyingi kuliko mnavyodhani, mengine siyasemi.

#25 Fundi wa Dati
"Mengine siyasemi" miaka 40 imepita mzee 😂

#26 Gwanda Kuukuu
Bado siyasemi.

#27 Ng'wana Ilemela
Hapo kwenye jeshi umenikumbusha vita vya Kagera, ile ndege ya Gaddafi iliyokuja kupiga bomu kiwanja cha Mwanza. Babu alisema shimo lilikuwa kubwa kama kisima.

#28 Mzee wa Mnara
Kiwanja hakikupigwa. Ilikuwa 1979, ndege ya Walibya ya kudondosha mabomu, Tupolev, inasemwa ilikuwa inatafuta matangi ya mafuta ya mji. Ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa wanyama. Babu yako kama aliona shimo basi alivuka maji kulitazama.

#29 Ng'wana Ilemela
Babu alikuwa mvuvi kwahiyo inawezekana. Siwezi kumkana babu angu hadharani.

#30 Dakota Mzee
Nyie wote watoto. Mimi nimepanda Dakota ya East African Airways Mwanza kabla hamjazaliwa. DC-3 ina tairi mbili mbele na kijigurudumu mkiani, ikiwa imesimama chini imeinua pua kama mbwa aliyekaa. Mnaingilia nyuma halafu mnapanda mlima kwenda kwenye viti. Bibi mmoja aliteleza na kikapu chake mpaka mlangoni. Ikishika kasi mkia unainuka wenyewe ndo watu wote mnakaa sawa, wanamshukuru Mungu. Friendship zilipoletwa miaka ya 60 tuliona kama mbinguni.

Ilipokufa hiyo EAA mwanzoni mwa 1977 asikwambieni mtu, ilikuwa kama talaka. Karakana kubwa ilikuwa Embakasi kule Nairobi, vipuri Embakasi, mafundi wengi Embakasi, halafu mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Air Tanzania ikaundwa Machi 1977, wakaanza na kilichokuwepo. Zile Boeing mbili zilizokuja baadaye moja ikiitwa Kilimanjaro nyingine Serengeti, watu walitoka mpaka vijijini kuja kuona.

#31 Mtoto wa Pasiansi
Shikamoo mzee Dakota. Na hiyo Dakota nayo ilikuwa inazunguka?

#32 Dakota Mzee
Marahaba. Ilikuwa inazunguka. Ila yenyewe kila kitu ilikuwa inafanya taratibu huwezi kujua inazunguka au imepotea.

#33 Dereva wa Magogo
Tuje na upande wa barabarani maana mimi nilikuwa dereva wa teksi. Ndege ya Jumapili ndo ilikuwa balaa. Enzi zile za uhaba wa mafuta magari binafsi Jumapili mwisho saa nane mchana, baada ya hapo bila kibali unakamatwa. Ndege ikichelewa ikatua saa tisa na nusu, bwana mwenye Peugeot yake nyumbani hawezi kuja kumpokea mkewe. Yupo hapo getini kaja kwa baiskeli kavaa tai. Mke kashuka na viatu virefu kaja na pafyumu ya Nairobi, anakalishwa kwenye keria. Nimeshuhudia kwa macho yangu wakipita Pasiansi, mwanamke kageuza uso upande wa ziwa asionekane.

Kuhusu kuzunguka sisi madereva tulikuwa na imani yetu. Ikizunguka mara moja ina abiria wachache, mara mbili imejaa. Usiniulize kwanini. Ilikuwa inakubali mara nyingi.

#34 Fundi wa Dati
@Dereva wa Magogo hapo unatia chumvi, kujaa na kuzunguka wapi na wapi.

#35 Dereva wa Magogo
Nimekwambia usiniulize.

#36 Dada Minofu
Wengine tumekuja baadaye, enzi za sangara. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu mwishoni mwa miaka ya 90. Hapo kiwanjani Fokker mlishazisahau, ilikuwa Ilyushin 76. Ndege injini nne, tumbo limegusa chini, mkia juu kama msalaba, na chini kabisa ya kidevu kuna vioo, ndani yake amekaa mtu anaangalia ramani. Mara ya kwanza kumwona nilidhani ni adhabu, kumbe ndo mwelekezaji wao. Inafunguka matakoni, malori yanarudi kinyumenyume, maboksi meupe ya minofu na barafu yanaingia usiku kucha, hadi tani hamsini hivi. Mikono inaganda, mtu hushiki hata kijiko.

Na ilikuwa inaruka usiku au alfajiri, karibu kila mara. Hili nalo naomba wajuvi mlijibu maana kazini kulikuwa na maneno mengi.

#37 Fundi wa Dati
Hilo rahisi. Hewa ya baridi. Nimeshaeleza kule #11, mchana wa Mwanza na tani 50 tumboni hiyo ndege itamaliza ranwei inatafuta nyingine. Usiku hewa nzito, mabawa yanashika.

#38 Ng'wana Ilemela
Baridi? Ilikuwa soko la Ulaya, samaki wawahi kufika wabichi.

#39 Gwanda Kuukuu
Usiku una sababu zake.

#40 Kapuku Msomi
Gwanda unatutesa mzee

#41 Dada Minofu
Mengine yalisemwa sana, ndege zilikuja na nini, ziliondoka na nini, mpaka dunia nzima ikajua. Mimi nilichokiona kwa macho ni zikija tupu na zikiondoka na samaki, sijui za wengine. Ninachokumbuka zaidi ni miezi zisipokuja. Ulaya walipofungia samaki wa ziwa letu mwisho wa 97 kwa sababu ya kipindupindu, tena 99 wakafungia kwa habari ya sumu kwenye uvuvi, kiwanda kimya. Unalala usiku unasikia ukimya wa kiwanjani ndo unajua kesho huna kazi. Mwanangu mdogo alizoea kulala na ule mngurumo, ukikata anaamka.

#42 Mtoto wa Pasiansi
Dah. Halafu kuna ile iliyoanguka ziwani.

#43 Dada Minofu
Tarehe 23 Machi 2005, imeruka tu. Wote wanane. Mmoja nilikuwa namfahamu kwa sura, ananunua ndizi pale getini anahesabu kwa Kiswahili moja mbili tatu anaruka nne. Kila siku anaruka nne tunacheka. Niishie hapo.

#44 Dakota Mzee
Mungu awarehemu.

#45 Mzee wa Mnara
Ziwa lile usiku si la kuchezea. Mvua na radi za Victoria hupenda kutengenezwa usiku katikati ya maji kuelekea alfajiri, mji umelala nyota zinaonekana, kumbe huko mbele ni ukuta mweusi. Sisemi ndiyo sababu ya ndege ile, sikuwapo tena kazini. Nasema tu kwamba marubani waliozoea ziwa walikuwa wananiuliza kwanza "ziwani kukoje" kabla hawajaniuliza habari za asubuhi.

Kwa kuwa mmeleta huzuni ngoja niwape moja. Mlisema rubani kusalimia. Kulikuwa na kapteni mmoja, jina naliacha, kila akija na Friendship anazunguka mara mbili. Upepo mzuri, kiwanja kitupu, ng'ombe hakuna, jeshi limelala. Anazunguka upande wa Bwiru. Nikavumilia miezi miwili, siku moja nikamuuliza redioni, kapteni una tatizo gani? Akakaa kimya kidogo, akajibu: nahesabu mabati. Kumbe alikuwa anajenga huko, fundi wake kila wiki anampigia hesabu ya mabati mapya. Ndege ya abiria arobaini na ushehe inakagua paa.

#46 Ng'wana Ilemela
CHAI!!! Mzee hii chai nzito ina tangawizi na karafuu 😂😂😂

#47 Fundi wa Dati
Sio chai. Nyumba yenyewe naijua.

#48 Mama Mizani
Na fundi namjua. Aliacha kazi baada ya hapo, akasema tajiri ana uchawi, anajua idadi ya mabati bila kufika.

#49 Mtoto wa Pasiansi
Kwahiyo mnataka kuniambia nilikimbia utoto wangu wote kwa ajili ya mabati ya mtu?

#50 Mzee wa Mnara
Huyo alikuwa mmoja tu. Waliobaki ni upepo.

#51 Fundi wa Dati
Kimo.

#52 Ng'wana Ilemela
Ng'ombe.

#53 Nshomile wa Mbali
Abiria. Na Bukoba mabati hatukuwa tunahesabu kutoka juu, fundi wetu walikuwa waaminifu.

#54 Mama Mizani
Nshomile, juzi nilikuwa napekua vitu vya zamani nikakuta daftari la mizani. Unataka nikutafute?

#55 Nshomile wa Mbali
Hapana mama. Shikamoo.

#56 Mgeni wa Tabora
Nimefika nimechelewa nimesoma yote kwa mkupuo. Kiwanja chetu Tabora hakuna ziwa, na jeshi sikuwahi kuliona linaruka, na nakumbuka vizuri kabisa Fokker ilikuwa inazunguka mara moja juu ya miembe ndo inatua. Na mlisema ni upepo wa ziwa. Mzee wa Mnara tusaidie hapo?

#57 Kapuku Msomi
Mzee kaaga kule kwa mtoa mada faragha, kasema anaenda Laasiri atarudi.

#58 Kiti cha Dharura
Na mimi nakwenda Magu Ijumaa kuhusu ile tiketi.

#59 Kopi ya Kaboni
Tunakusubiri. Njoo na sanduku zima.